Safari ya Mwezi: Quito, Mji Uliojengwa na Watu wa Vijijini

Mara hii tunakwenda mbali sana. Tunavuka bara letu la Afrika, tunavuka Bahari ya Atlantiki, tunafika Amerika ya Kusini. Huko kuna milima mirefu iitwayo Andes. Imejipanga kama uti wa mgongo, kutoka kaskazini mpaka kusini mwa bara lile. Katika milima hiyo iko nchi iitwayo Ecuador. Mji wake mkuu ni Quito. Jina hilo linatamkwa Kito.

Ecuador ni neno la Kihispania, na maana yake ni Ikweta. Ni mstari ule ule unaopita Nanyuki katika Kenya, na kukata barabara ya kutoka Kampala kwenda Masaka katika Uganda. Basi mtu wa Quito huona jua likichomoza na kuzama karibu saa zile zile mwaka mzima, kama sisi. Lakini usidhani kuwa kuna joto. Mji huo uko mita 2,850 juu ya usawa wa bahari. Hiyo ni karibu nusu ya urefu wa Mlima Kilimanjaro. Ndugu zetu wa Makete, wanaoijua baridi ya Kitulo, wataelewa upesi. Asubuhi watu wamejifunika. Adhuhuri jua linachoma. Alasiri mvua inaweza kunyesha, na usiku kila mtu anatafuta blanketi.

Mgeni anayefika Quito kwa mara ya kwanza hushangaa kuona anatweta kama mzee. Amepanda ngazi kumi tu, moyo unadunda. Huo si ugonjwa. Huko juu hewa ni nyepesi, na kifua lazima kifanye kazi zaidi. Dawa yake ni kutembea polepole siku mbili za kwanza, kunywa maji, na kula kidogo kidogo. Wenyeji wanapita mbio na mizigo mgongoni, kwa kuwa miili yao imezoea.

Mji umejibana katika bonde refu na jembamba. Upande wa magharibi unasimama mlima Pichincha. Huo ni mlima wa moto, yaani volkano, na bado uko hai. Mwaka 1999 ulirusha majivu, yakaanguka juu ya mapaa na barabara za mji.

MAJINA UKUTANI

Kabla ya wageni kufika, mahali hapa palikuwa na watu. Watu wa milimani, watu wa pwani na watu wa misitu ya mashariki walikutana hapa kubadilishana vitu: chumvi, pamba, pilipili, mahindi. Baadaye walikuja Wainka kutoka kusini. Hao walikuwa na dola kubwa yenye barabara nzuri na maghala ya chakula. Waliitawala Quito kwa miongo michache tu kabla ya Wahispania kuja.

Mwaka 1532 Wahispania walimkamata mfalme wa Wainka, Atahualpa, katika mji wa Cajamarca, ambao sasa uko katika nchi ya Peru. Mfalme aliahidi kujaza chumba kimoja dhahabu ili aachiwe. Dhahabu ikaletwa. Wahispania wakaichukua, na mwaka 1533 wakamuua.

Halafu wakapanda kuja Quito, wakitumaini kupata dhahabu nyingine. Lakini jemadari mmoja wa Wainka, Rumiñahui, aliwatangulia. Aliuchoma mji, akaondoka na watu wake. Wahispania walikuta majivu. Rumiñahui alikamatwa baadaye, naye akauawa.

Juu ya majivu hayo Wahispania walijenga mji wao. Tarehe 6 Desemba 1534 nahodha wao, Sebastián de Benalcázar, aliandikisha majina ya wenzake kama wananchi wa mji mpya. Walikuwa watu kama 200. Ardhi ikapimwa, ikagawanywa viwanja kama ubao wa bao, na kila mmoja akapewa chake. Mwaka 1563 mfalme wa Hispania aliufanya Quito kuwa makao ya mahakama kuu yenye madaraka ya kutawala eneo kubwa la milima na misitu. Tangu hapo hukumu, kodi na hati za ardhi za eneo hilo zilitoka Quito.

Ukisimama leo katika uwanja mkubwa wa katikati ya mji, utaona kanisa kuu, ikulu ya rais, na makao ya askofu. Katika ukuta wa kanisa kuu yamechongwa majina ya wale Wahispania wa kwanza. Msomaji anaweza kuyasoma moja moja. Majina ya watu waliobeba mawe hayapo.

NANI ALIJENGA?

Wahispania wale 200 hawakujenga mji huu kwa mikono yao. Wajenzi walikuwa wenyeji. Wahispania waliwaita Wahindi, kwa sababu mabaharia wao wa kwanza walidhani kuwa wamefika Bara Hindi. Kosa hilo limedumu miaka mia tano. Sisi tutawaita wenyeji tu.

Zamani za Wainka kulikuwa na desturi ya kazi za zamu. Kila kijiji kilitoa watu kwa muda fulani, wakatengeneze barabara au walime mashamba ya dola, kisha wakarudi kwao. Wahispania waliikuta desturi hiyo, wakaigeuza. Jina lake lilikuwa mita, lakini si mita hii ya kupimia. Kila kijiji kililazimishwa kutoa wanaume wa kwenda kufanya kazi mjini, mashambani, na katika nyumba za kufuma nguo. Juu ya hayo, kila mwenyeji mwanamume mwenye umri wa miaka 18 mpaka 50 alitozwa kodi ya kichwa. Wazee wetu waliolipa kodi ya kichwa chini ya Wajerumani na Waingereza hawahitaji kuelezwa zaidi. Asiye na fedha alikwenda kuitafuta kwa kufanya kazi ya mwenye fedha. Huko Ecuador kodi hiyo iliondolewa mwaka 1857, miaka zaidi ya 30 baada ya Wahispania kufukuzwa.

Twende sasa katika uwanja wa San Francisco. Uwanja huu umetandikwa mawe na umeinama kidogo. Juu yake liko kanisa jeupe lenye minara miwili, pamoja na nyumba ya watawa. Majengo yote yanachukua zaidi ya ekari saba. Watawa walianza kujenga hapa muda mfupi baada ya mji kuanzishwa. Kiongozi wao alikuwa Jodoco Ricke, mtu wa nchi ambayo sasa ni Ubelgiji. Inasemekana kuwa ndiye aliyepanda ngano ya kwanza katika milima hiyo.

Watu wa Quito wana hadithi juu ya uwanja huu. Wanasema mwenyeji mmoja, jina lake Cantuña, alichukua kazi ya kujenga baraza la mbele ya kanisa. Alitakiwa kumaliza kwa siku aliyopewa, la sivyo afungwe. Siku zikawa zinakwisha, kazi bado nyingi. Usiku akaja shetani, akasema, nitakumalizia kazi kabla ya alfajiri, lakini utanipa roho yako. Cantuña akakubali kwa sharti moja, kwamba jiwe hata moja lisipungue. Mashetani wakajenga usiku kucha. Jogoo alipokaribia kuwika, Cantuña akaficha jiwe moja. Kulipokucha shetani akadai malipo yake. Cantuña akamwonyesha pengo, mkataba ukavunjika, na roho yake ikapona. Mpaka leo watoto wa Quito huonyesha mahali ambapo, kwa maneno yao, jiwe lile halipo.

Ni hadithi tu. Lakini tazama ilivyo. Watu waliojenga kwa kulazimishwa, na waliofungwa na mikataba wasiyoweza kuisoma, walijitungia hadithi ya mwenzao aliyeujua mkataba wake vizuri kuliko shetani.

Watawa wale pia walifungua shule ya ufundi kwa vijana wa wenyeji. Walifundishwa kusoma, kuimba, kuchora, kuchonga mbao na kujenga. Kutokana na shule hiyo Quito ikapata mafundi hodari. Sanamu na picha zao ziliuzwa mpaka nchi za mbali. Mmoja wa mafundi mashuhuri wa karne ya 18 alikuwa mwenyeji, Manuel Chili, ambaye watu walimwita Caspicara. Sanamu zake za mbao zina ngozi kama ya mtu aliye hai. Unaona mishipa ya mikono.

Si mbali na hapo liko kanisa la Wajesuiti. Lilianza kujengwa mwaka 1605, na kazi ilikwisha mwaka 1765. Ni miaka 160. Fundi aliyeanza hakuona mwisho, wala mwanawe, wala mjukuu wake. Ndani, kuta, nguzo na dari zimefunikwa dhahabu. Dhahabu hiyo si vipande vizito. Ilifuliwa mpaka ikawa nyembamba kuliko karatasi, kisha ikabandikwa juu ya mbao zilizochongwa. Mgeni akiingia humo hujiona yuko ndani ya mzinga wa asali. Miaka miwili tu baada ya kulimaliza, mfalme wa Hispania aliwafukuza Wajesuiti katika nchi zake zote.

Nyumba za kawaida za mji mkongwe hazina dhahabu. Kuta zake ni za matofali ya udongo yasiyochomwa, kama mengi ya kwetu, ila ni nene sana. Zimepakwa chokaa nyeupe na kuezekwa vigae vyekundu. Katikati ya nyumba pana ua ulio wazi, na vyumba vimeuzunguka. Nyumba ya udongo ikitunzwa paa lake, na maji yasiguse msingi, inaweza kuishi miaka mia mbili na zaidi. Hilo mabwana shamba na mafundi wetu walitazame.

MTU ALIYEANDIKA GAZETI

Mji wa Quito ulitawaliwa kwa kalamu kama ulivyotawaliwa kwa upanga. Hati ya shamba iliandikwa mjini. Deni la mfanyakazi liliandikwa katika kitabu cha tajiri. Mwenyeji alipewa mahindi, kitambaa au kondoo kwa mkopo, na tajiri akaandika alichotaka. Mfanyakazi hakuweza kusoma kilichoandikwa. Alifanya kazi mpaka akafa, na mwanawe akarithi deni. Sheria ya kumfunga mtu gerezani kwa deni la namna hiyo ilifutwa mwaka 1918.

Ndiyo maana nataka tumtazame mtu mmoja wa mji huu, Eugenio Espejo. Tamka Espeho. Alizaliwa Quito mwaka 1747. Baba yake alikuwa mwenyeji kutoka Cajamarca, aliyekuja kufanya kazi katika hospitali ya watawa. Mama yake alizaliwa Quito, na inaelezwa kuwa alikuwa na damu ya Kiafrika. Kijana huyu alikulia karibu na wagonjwa. Alisoma, akawa daktari. Mwaka 1785 aliandika kitabu juu ya ndui. Alisema ugonjwa huo huenezwa na vitu vidogo sana visivyoonekana kwa macho, akataka mji usafishwe na wagonjwa watengwe. Wakati huo vijidudu vya magonjwa vilikuwa havijajulikana vizuri hata Ulaya.

Espejo pia alikuwa mkutubi, yaani mtunza vitabu, wa maktaba ya kwanza ya watu wote mjini. Na tarehe 5 Januari 1792 alitoa gazeti la kwanza la Quito. Lilitoka mara saba tu, likasimama. Watawala hawakumpenda, kwa sababu aliandika kuwa watu waliozaliwa nchini wajitawale. Mwanzoni mwa mwaka 1795 walimfunga gerezani. Alitoka akiwa mgonjwa, akafa Desemba mwaka ule ule. Leo tarehe 5 Januari ni siku ya waandishi wa habari katika Ecuador. Ile hospitali ya zamani sasa ni nyumba ya makumbusho, na mgeni anaweza kuingia.

Watu wa Quito walianza kudai uhuru tarehe 10 Agosti 1809. Mwaka uliofuata askari waliwaua viongozi wao kambini, na raia wengi wakafa mitaani. Uhuru ulipatikana baada ya vita ya tarehe 24 Mei 1822, iliyopiganwa kwenye mteremko wa mlima Pichincha, juu ya mji. Watu walitazama moshi wa bunduki kutoka madirishani.

Lakini mwenye shamba kubwa alibaki na shamba lake. Katiba ya mwaka 1830 ilisema mpiga kura lazima ajue kusoma na kuandika, na awe na mali. Sharti la mali liliondolewa baadaye. Sharti la kusoma lilibaki kwa muda wa miaka karibu 150. Na shule vijijini hazikuwapo. Kwa hiyo watu waliolisha mji hawakuwa na sauti ndani yake. Sharti hilo liliondolewa kwa katiba iliyopigiwa kura mwaka 1978.

Kabla ya hapo alitokea mama mmoja, Dolores Cacuango. Alizaliwa mwaka 1881 katika shamba la tajiri, upande wa Cayambe, kaskazini ya Quito. Alipokuwa msichana alikwenda Quito kuwa mtumishi wa nyumbani. Huko alijifunza Kihispania kwa kusikiliza, na aliona jinsi mabwana wanavyoishi. Aliporudi kwao aliongoza wafanyakazi wa mashamba kudai haki. Yeye mwenyewe hakusoma shule. Hata hivyo, katika miaka ya 1940 alianzisha shule za watoto wa vijijini, zilizofundisha kwa Kikichwa, lugha yao wenyewe. Mwaka 1963 serikali ya kijeshi ilizifunga. Mwaka 1964 sheria mpya ya ardhi iliondoa desturi ya kumpa mtu kipande cha shamba ili amtumikie tajiri karibu wiki nzima. Mama Dolores aliishi mpaka mwaka 1971.

Mwezi Mei 1990 watu wa vijijini waliingia Quito, wakaketi ndani ya kanisa la Santo Domingo katika mji mkongwe. Walitaka mashauri yao ya ardhi yasikilizwe. Siku chache baadaye vijiji vya milimani vilifunga barabara kwa mawe na magogo. Viazi, maziwa na mboga havikufika mjini. Wakazi wa mjini waliona wazi chakula chao kinatoka wapi, na serikali ikakubali kuzungumza. Katika katiba ya mwaka 2008 Kikichwa na Kishuar zilitajwa kuwa lugha rasmi za mawasiliano kati ya makabila, pamoja na Kihispania. Tena Oktoba 2019 bei ya mafuta ya magari ilipopandishwa, maelfu ya watu wa vijijini walikwenda Quito. Serikali ilihamia mji wa Guayaquil kwa siku chache, na mwishowe ikaifuta amri ile.

SOKONI

Mwaka 1978 UNESCO ilianza orodha ya mahali pa urithi wa dunia. Mji mkongwe wa Quito na mji wa Kraków wa Polandi ilikuwa miji ya kwanza kuwekwa humo. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia katika orodha hiyo mwaka 2000. Sifa hiyo huleta watalii na fedha. Huleta pia swali gumu. Mitaa ya Quito ilikuwa imejaa wachuuzi, wengi wao kutoka vijijini. Mwaka 2003 waliondolewa barabarani, wakapewa nafasi katika masoko yaliyojengwa. Mitaa ikawa mipana na safi, na picha za watalii zikapendeza. Lakini mchuuzi huishi kwa mpita njia, na wapita njia wengi hawaingii sokoni. Mpaka leo utawaona akina mama wenye kofia za sufu wakitembea na vikapu vya matunda, huku wakiangalia kama askari wa jiji anakuja.

Tuingie sokoni, maana njaa imeshika. Hapa hutakuwa mgeni sana. Utaona viazi vya kila rangi: vyeupe, vyekundu, vya manjano, hata vya zambarau. Sisi huviita viazi ulaya, lakini asili yake si Ulaya. Vilitoka katika milima hii ya Andes, na Wahispania ndio waliovipeleka Ulaya. Mama wa sokoni atakupa bakuli la supu nzito ya viazi na jibini, na kipande cha parachichi juu yake. Utaona pia mnyama mdogo asiye na mkia, ameokwa mzima juu ya makaa. Watu wa Iringa na Njombe wanamfuga jikoni na kumwita simbilisi. Huyo naye asili yake ni hapa.

Na kuna kitu kingine cha nchi hii kilichotufikia. Katika misitu ya Loja, kusini mwa Ecuador, unaota mti ambao maganda yake ni machungu sana. Kutokana na maganda hayo hupatikana kwinini. Wajesuiti waliyapeleka Ulaya, nayo yakawa dawa ya malaria. Wajerumani walipoanzisha kituo cha utafiti Amani, katika milima ya Usambara, mwaka 1902, miti hiyo ilikuwa miongoni mwa ile waliyoipanda.

Fedha inayotumika Quito ni dola ya Marekani. Ecuador iliiacha fedha yake yenyewe, sucre, mwaka 2000, baada ya kuanguka thamani vibaya. Hivyo mgeni asitafute fedha nyingine.

Nje ya mji, upande wa kaskazini, kuna mnara wa kuonyesha mstari wa Ikweta. Wataalamu wa Kifaransa walifika Quito mwaka 1736 kuipima dunia, na vipimo vyao vilisaidia kuthibitisha kuwa imebonyea kidogo juu na chini na kuvimba katikati. Mnara wa sasa ulijengwa kwa ukumbusho wao. Vyombo vya kisasa vinaonyesha kuwa mstari wenyewe unapita kama mita 240 mbali na mnara. Watu wanapiga picha hapo hapo bila wasiwasi, mguu mmoja kusini na mmoja kaskazini.

Ukirudi San Francisco jioni utaona ngazi zinazoshuka chini ya uwanja. Ni kituo cha treni ya chini ya ardhi, iliyofunguliwa kwa wananchi Desemba 2023. Nauli ni senti 45. Saa za jioni treni hujaa wafanyakazi wanaorudi makwao pembezoni mwa mji, wakiwa na mafurushi na watoto waliolala mgongoni.

Mwezi ujao tutashuka kutoka milimani twende pwani ya nchi hiyo hiyo, katika mji wa Guayaquil. Huko ndiko zinakopakiwa ndizi zinazoliwa katika nchi nyingi duniani.